Ukarabati wa Nyumba za Eastlands (Sehemu ya Pili): Kazi Inapochelewa na Mkataba Unapobadilika

Sehemu ya kwanza ya mfululizo huu ilieleza namna ya kumteua mwanakandarasi na kuandaa makadirio ya kazi. Sehemu hii inaingia katika kipindi ambacho ugomvi mwingi huzuka, yaani pale kazi inapokuwa imeshika kasi, tarehe ya kumaliza imeanza kuponyoka, na yaliyoandikwa mkatabani hayalingani tena na yanayofanyika mjengoni. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kuchelewa na kubadilika kwa kazi si ajabu katika ukarabati. Kinachowaumiza wenye nyumba na mafundi kwa pamoja ni ucheleweshaji ambao sababu yake haikuandikwa ulipotokea, na mabadiliko yaliyotekelezwa kabla ya bei na muda wake kukubaliwa.

Mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, inaonyesha wazi kwa nini ukarabati ni mgumu kuupangia muda kuliko ujenzi mpya. Nyumba za mawe na vigae za Kaloleni zilijengwa katika miaka ya 1940, nao mtaa wa Buruburu, uliosanifiwa na kampuni ya Mutiso Menezes, ulijengwa kwa awamu tano tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tangu hapo wenye nyumba wengi wa Buruburu wameongeza vyumba mbele na nyuma, wakahamisha jikoni na kufungua maduka yanayotazama barabara, na aghalabu nyongeza hizo hazionekani katika michoro ya awali. Fundi anayebomoa ukuta huenda akakuta bomba la majitaka limepita chini ya chumba kilichoongezwa, au nyaya za umeme zimezikwa kwenye lipu bila kinga. Hakuna makadirio, hata yawe makini namna gani, yanayoweza kuona kila kilichofichika, na kwa hiyo mkataba mzuri wa ukarabati ni ule unaotaja mapema utaratibu wa kufuatwa jambo kama hilo likijitokeza.

Utaratibu huo huanzia kwenye ratiba ya kazi, ambayo ni jedwali linaloonyesha kila kazi itaanza lini, itachukua muda gani na inategemea kazi gani nyingine. Ndani ya ratiba mna mlolongo mmoja wa kazi zinazotegemeana ambao ndio unaoamua siku ya kumaliza: paa hutangulia dari, dari hutangulia rangi ya ndani. Kazi iliyo katika mlolongo huo ikichelewa wiki moja, mradi mzima huchelewa wiki moja. Lakini lango la nje likichelewa kupakwa rangi, tarehe ya kumaliza haiguswi. Ndiyo maana swali la kwanza panapotokea ucheleweshaji ni kama kazi iliyochelewa imo katika mlolongo huo.

Swali la pili ni nani aliyesababisha. Ikiwa mwenye mradi amechelewesha malipo, ameshindwa kuchagua vigae kwa wakati au ameongeza kazi, mwanakandarasi hustahili nyongeza ya muda, na mara nyingi hulipwa pia gharama alizoingia kwa kusubiri. Ikiwa mwanakandarasi ameleta mafundi wachache au ameagiza mbao kwa kuchelewa, hasara ni yake. Palipo na sababu isiyo ya yeyote kati yao, kama vile hali mbaya ya hewa isiyo ya kawaida, desturi ya mikataba mingi ni kuongeza muda bila kuongeza fedha. Neno lenye uzito hapo ni kutokuwa ya kawaida: mvua ya masika hunyesha Nairobi kila mwaka kati ya Machi na Mei, na mwanakandarasi aliyepanga kuezua paa mwezi Aprili hawezi kudai kwamba mvua ilimshtukiza.

Mwanakandarasi akichelewa kwa kosa lake, mikataba mingi humtoza fidia ya ucheleweshaji, ambayo ni kiasi kilichokubaliwa tangu mwanzo kwa kila siku au wiki inayopita baada ya tarehe ya kumaliza, na ambacho hulingana na hasara ambayo mwenye mradi anatarajia kupata, kama vile kodi anayolipa kwingine. Hata hivyo, haki hiyo inaweza kupotea. Katika kesi ya Peak dhidi ya McKinney iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1970, manispaa ya Liverpool ilichukua miezi mingi kuamua la kufanya baada ya kasoro kugunduliwa katika nguzo za msingi wa majengo ya makazi, na kwa kuwa mkataba haukutoa nafasi iliyo wazi ya kuongeza muda kwa ajili ya ucheleweshaji wa manispaa yenyewe, mahakama iliamua kwamba manispaa haingeweza kudai fidia iliyoandikwa. Kwa hiyo kifungu cha nyongeza ya muda, kama kile kilichomo katika mkataba wa mwaka 1999 wa Baraza la Pamoja la Ujenzi unaotumiwa sana nchini Kenya, humlinda mwenye mradi sawa na anavyolindwa mwanakandarasi.

Mfano wa kubuni utalifafanua jambo hili. Nyumba ya ghorofa moja Buruburu inakarabatiwa kwa mkataba wa shilingi 2,400,000 na wiki 16. Fidia ya ucheleweshaji ni shilingi 10,000 kwa wiki, na asilimia 10 ya bei, yaani shilingi 240,000, imetengwa kuwa akiba ya dharura. Katika wiki ya nne vigae vinateremshwa na kenchi zinaonekana zimeliwa na mchwa. Msanifu anatoa agizo la mabadiliko, yaani maandishi yanayotaja kazi iliyoongezwa, sababu yake, bei yake kwa kufuata viwango vilivyomo katika makadirio, na athari yake kwa ratiba: mbao mpya, shilingi 180,000, wiki mbili. Pande zote zinatia sahihi, fedha zinatoka kwenye akiba, na tarehe ya kumaliza inakuwa mwisho wa wiki ya 18. Kazi ikikamilika wiki ya 21, mwanakandarasi anadaiwa shilingi 30,000 za wiki tatu. Pasipo karatasi ile, mwenye nyumba angedai shilingi 50,000 za wiki tano, mwanakandarasi angekana deni lote, na asiyehusika hangekuwa na njia ya kuwaamua. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na agizo la mdomo lililotolewa langoni ni mali ya namna hiyo.

Kwa majengo ya umma, zikiwemo nyumba za kaunti, uhuru wa kubadilisha mkataba una mipaka ya kisheria. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inakataza bei kupandishwa ndani ya miezi 12 tangu mkataba kutiwa sahihi, inaweka kikomo cha asilimia 20 kwa ongezeko la kiasi cha kazi za ujenzi, na inaagiza kwamba mabadiliko yakipandisha jumla ya bei kwa zaidi ya asilimia 25 yatangaziwe zabuni upya. Mwenye nyumba binafsi hafungwi na mipaka hiyo, lakini atafaidika akijiwekea yake.

Yapo pia mabadiliko ambayo makubaliano ya pande mbili hayatoshi kuyahalalisha. Kuongeza ghorofa au kuondoa ukuta unaobeba uzito huhitaji kwanza hesabu za mhandisi na idhini ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Vilevile kufidia muda uliopotea kuna mpaka: nguvu ya zege hupimwa siku ya 28, na anayeondoa miti inayoshikilia sakafu mapema bila ruhusa ya mhandisi hununua wiki mbili kwa roho za watu. Eastlands inajua gharama ya kupuuza taratibu, kwani jengo la makazi lililojengwa bila idhini kando ya mto huko Huruma liliporomoka tarehe 29 Aprili 2016 na kuua watu wapatao 50.

Mzozo ukishindikana kumalizwa kwa mazungumzo, mikataba mingi huupeleka kwa msuluhishi chini ya Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 1995, ingawa kwa madai madogo njia hiyo huweza kugharimu kuliko deni lenyewe. Kwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, Mahakama ya Madai Madogo, iliyofunguliwa Milimani mwaka 2021, inatakiwa kuamua kesi ndani ya siku 60. Huko kote ushahidi unaotakiwa ni uleule: ratiba, maagizo yenye sahihi na hati za malipo, vitu ambavyo havigharimu chochote ila nidhamu ya kuandika kazi ikiendelea. Sehemu ya tatu itaeleza ukaguzi wa mwisho, kipindi cha kurekebisha kasoro, na fedha zinazozuiliwa hadi kipindi hicho kiishe.