Je, Wajua? Moshi Hutaja Ugonjwa wa Injini
Moshi wa gari kuukuu la dizeli, liwe Land Rover ya shamba au gari la kulalia wasafiri, humwonyesha fundi pa kuanzia kabla hajashika spana. Moshi mweusi maana yake dizeli imezidi hewa: chujio la hewa limeziba au nozo zimechoka. Katika bonde la Kilombero, Tanzania, ni vyema kutazama chujio kwanza, kwani vumbi la barabara za udongo hulijaza upesi wakati wa kiangazi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, mara nyingi kwa sababu ringi za pistoni zimelika. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto huashiria dizeli isiyoungua, au maji ya rejeta yanayopenya kwenye silinda.

Masika huleta hatari kubwa zaidi. Ifakara, mji wa bonde hilo, imo kwenye uwanda wa mafuriko, na maji yakifika kwenye mdomo wa kuvuta hewa, injini huyanywa. Kuiwasha tena hapo ni kosa baya kuliko yote: maji hayashindiliki kama hewa, hivyo pistoni hugota na koni rodi hupinda. Gari huvutwa hadi pakavu, nozo hufunguliwa, injini huzungushwa mpaka maji yatoke, kisha oili na vichujio hubadilishwa. Kama tangi nalo limeingia maji, dizeli yote humwagwa na mabomba yake hutolewa upepo.

Gari likizimikia majini, usipige stata.