Kabla ya Vigae: Sakafu na Kaunta kwa Nyumba za Hamukungu

Anayekarabati nyumba Hamukungu, au katika kijiji kingine cha wavuvi kando ya Ziwa George, Uganda, kwa kawaida huanza kwa kuulizia kile kitakachoonekana: vigae, terazo, simenti iliyolainishwa au granaiti? Katika maduka ya Kasese swali hilo lina majibu mengi, na karibu kila jibu linang'aa. Mimi nadhani tunaanzia mwisho. Pesa ya kwanza inafaa iende kwenye tabaka zitakazofunikwa, na familia yenye bajeti ndogo itafaidika zaidi na sakafu ya simenti iliyofanywa vizuri kuliko vigae vilivyobandikwa juu ya jamvi bovu la zege. Granaiti, kama ipo pesa ya kuinunua, ina mahali pamoja tu inapostahili: pale samaki anapokatwa.

Nianze na afya, kwa sababu ndiyo sababu nzito kuliko zote ya kugusa sakafu. Katika jimbo la Coahuila, Meksiko, mpango wa serikali ulioitwa Piso Firme ulianza mwaka 2000 kuwamwagia wenye nyumba za sakafu ya udongo zege la kawaida. Utafiti wa Matias Cattaneo na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009, ulikadiria kwamba kubadilisha sakafu yote ya udongo kuwa ya simenti kulipunguza minyoo na vimelea vingine kwa watoto wadogo kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49, na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Zege lile halikuwa na kigae hata kimoja juu yake. Faida ilitoka katika kuacha vumbi na udongo unaohifadhi mayai ya minyoo, na kupata uso mgumu unaofagilika na kuoshwa. Funza naye hukulia katika udongo mkavu ulio huru. Akikosa udongo huo, amekosa pa kuzaliana. Hatua kubwa, basi, ni ile ya kutoka udongo kwenda simenti. Hatua ya kutoka simenti kwenda vigae ni ndogo zaidi, na ndiyo hiyo tunayoilipia kwa bei kubwa.

Sasa tushuke chini ya sakafu. Nyumba iliyo karibu na ziwa ina unyevu unaopanda kutoka ardhini kupitia matundu madogo ya zege, ukibeba chumvi. Maji yakikauka juu, chumvi hubaki kama ungaunga mweupe, na ikigandia ndani ya matundu husukuma uso mpaka ubanduke. Kigae hakizuii jambo hili, kinalificha tu, na siku moja gundi inaachia. Dawa yake ni ya zamani na haina fahari: moramu iliyoshindiliwa kwa tabaka nyembamba, si kumwagwa yote kwa mkupuo mmoja, juu yake nailoni nzito isiyotoboka, iliyopandishwa ukutani kidogo, kisha jamvi la zege lenye unene wa sentimita kumi hivi. Eneo letu pia limo katika Bonde la Ufa na ardhi hutikisika. Tetemeko la Toro la Machi 1966 halijasahaulika. Sakafu iliyokaa juu ya kifusi kilicholegea haina cha kuegemea.

Simenti yenyewe haiko mbali: kiwanda cha Hima kiko ndani ya wilaya hii hii ya Kasese. Chokaa ya Muhokya iko karibu zaidi, na ni nzuri kwa plasta na kuta, ila isichukue nafasi ya simenti sakafuni. Ubora hupotea mikononi, tena katika mambo mawili. La kwanza ni niru, yaani ngozi laini ya simenti juu ya sakafu. Fundi mwenye haraka huona maji yamepanda juu ya sakafu mbichi, akanyunyizia simenti kavu ili yanyonywe upesi, akapitisha mwiko, na sakafu ikang'aa jioni ile ile. Baada ya miezi uso huo hutoka kama magamba, kwa sababu ni ngozi dhaifu isiyoshikana na kilicho chini. Angoje maji yale yaondoke yenyewe ndipo alainishe. La pili ni kumwagilia. Zege halikauki ili liwe gumu; huwa gumu kwa kuendelea kukutana na maji, na katika joto la uwanda huu linaweza kuyapoteza kabla ya kupata nguvu. Lifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa, au kwa nailoni, kwa siku saba angalau. Hakuna kitu katika ukarabati mzima chenye bei ndogo na faida kubwa kama siku hizo saba.

Wapo watakaosema kwamba simenti hunyonya uchafu, hutoa vumbi na hupasuka, ilhali kigae hufutwa mara moja kikatakata. Ni kweli kwamba kigae kizuri cha poseleni hunyonya maji kidogo sana, chini ya nusu ya asilimia ya uzito wake. Bafuni na mahali pa kuoshea samaki ningekiweka bila kusita, ila kiwe cha uso wenye kukwaruza, kwa maana utelezi wa samaki juu ya kigae kinachong'aa huvunja watu miguu. Kwingineko tazama jinsi kinavyowekwa: mara nyingi fundi huweka mabonge matano ya mota, manne pembeni na moja katikati, akakigonga kikae sawa. Katikati ya mabonge panabaki hewa. Gonga kwa kidole usikie kinavyolia utupu. Sufuria ikidondoka hapo, kigae kimekwisha, na cha kufanana nacho huenda kisipatikane tena dukani. Ufa wa simenti huzibwa na fundi yeyote wa kijijini. Na nyufa zenyewe hupungua sana chumba kikubwa kikigawanywa kwa mistari kila mita tatu hivi, ili zege linaposinyaa lipasuke palipopangwa.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande mwingine: simenti ni ghali, na utengenezaji wake huchafua hewa. Nchini Rwanda, na hapa Uganda pia, shirika la EarthEnable hutengeneza sakafu za udongo ulioshindiliwa na kupakwa mafuta yanayokauka yakawa magumu na kuzuia maji. Kwa nyumba iliyo mahali pakavu, ya mtu asiyemudu simenti, naziheshimu na ningezipendekeza mbele ya udongo mtupu. Kwa nyumba ya ufukweni, inayopata unyevu kutoka chini na maji ya samaki kutoka juu, ningechagua zege. Hata zege lina adui wake: anayeweka chumvi ya Ziwa Katwe nyumbani aiinue juu ya mbao, maana ina salfeti pamoja na kloridi, na vyote viwili vikilowa hudhuru sakafu na vyuma vilivyomo.

Kaunta inafuata kanuni ile ile, ila hapa tindikali ndiyo adui. Ngege husafishwa kwa ndimu, na ndimu hula kila kitu chenye chokaa: simenti, marumaru, terazo yenye chembe za marumaru. Granaiti halisi haijali ndimu wala kisu, na sufuria iliyotoka motoni haiisumbui kwa kawaida. Kwarizi bandia hushikanishwa kwa gundi inayoharibiwa na joto, na vumbi lake limewaua wakataji wa mawe, hata Australia ikaipiga marufuku kuanzia Julai 1, 2024. Kwa hiyo jenga kaunta ya zege yenye mteremko mdogo kuelekea sinki, kisha uombe karakana ikuuzie kipande kilichobaki cha granaiti, upana wa ubao wa kukatia, ukizamishe hapo. Kabla ya kulipa kamulia ndimu kwenye kona yake na usubiri robo saa: mng'ao ukififia, si granaiti. Kikikatwa, kikatwe kwa maji, vumbi lisiruke.