Mtoto Amezaliwa na Kilema: Kosa ni la Nani?

Mama amejifungua. Wakina mama wa kartie wamekuja kumwona mtoto. Wanafunua kitambaa, kisha wananyamaza. Mdomo wa mtoto umepasuka, ao mgongo wake uko na kidonda wazi. Kesho yake, kwenye robine, maneno yanaanza: "Iko kitu huyu mama alifanya." Wengine wanasema ni damu ya ukoo wake. Wengine wanataja uchawi. Hata baba wa mtoto anaweza kuamini, na kumrudisha bibi yake kwa wazazi.

Msomaji mpendwa, pengine wewe pia ulikwisha kusema vile. Basi, sikiliza kwanza kile wanganga walikuta hapa kwetu.

Utafiti wa Lubumbashi

Tangu mwezi wa tatu 2013 hadi mwezi wa pili 2015, wanganga wa Univerisite ya Lubumbashi, kati yao Célestin Banza Lubaba Nkulu, walifanya utafiti katika materinite za mji pamoja na wenzao wa Ubelgiji. Walichukua watoto wachanga 138 wenye kilema cha kuonekana, wakawalinganisha na 108 wasio na kilema. Waliuliza wakina mama juu ya maisha yao, hata juu ya kazi ya bwana zao. Walipima madini katika mkojo na damu ya mama, katika damu ya kitovu, na katika kondo la nyuma. Matokeo yalichapishwa 2020 katika gazeti la wanganga, The Lancet Planetary Health.

Walikuta nini? Jambo lililoonekana kwa nguvu kuliko mengine halikuwa kosa la mama. Ilikuwa kazi ya baba. Kati ya watoto wenye baba anayefanya kazi ya migodi, uwezekano wa kilema ulikuwa karibu mara 5 na nusu. Tena, damu ya kitovu yenye manganizi na zinki nyingi ilionekana zaidi kwa watoto wenye kilema.

Usikimbilie kumhukumu baba

Lakini, kijana unayeshuka karieri kila asubuhi, usishituke. Wale waliopimwa si wengi, na wanganga wenyewe waliandika kwamba ile hesabu inaweza kuwa ndogo sawa mara 1.2 ao kubwa sawa mara 25. Vitu viwili kuonekana pamoja si kusema kimoja kimezaa kingine. Watoto wengi wa wachimbaji wanazaliwa wazima kabisa. Na hakuna munganga anayeweza kukuambia kwa hakika: "Mtoto wako amekuwa hivi juu ya shaba ile."

Njia yenyewe bado inatafutwa. Pengine ni mavumbi yanayoingia nyumbani na nguo za kazi. Pengine madini yanaharibu mbegu ya baba. Jambo moja halina shaka: madini yako ndani ya miili yetu. Mwaka 2009 utafiti mwingine ulichapishwa, uliopima mkojo wa watu 351 wa Katanga. Wale wanaokaa chini ya kilomita 3 toka migodi ao viwanda walikuwa na kobalti nyingi sana. Wewe unayekaa Kambove, hesabu mwenyewe: toka mlango wako mpaka karieri ni hatua ngapi?

Wakikuja kuomba damu yako

Hapa kuna mabishano. Wengine wanasema: tungojee utafiti mwingine mbele ya kugusa kazi inayolisha jamaa nyingi. Wengine wanajibu: watu walitoa damu yao, dalili iko wazi, juu ya nini kungoja watoto wengine wazaliwe ndipo mavumbi yapunguzwe? Sisi tunaona hawa wa pili wako na haki. Kupunguza mavumbi hakumdhuru mtu, hata kama utafiti wa kesho utabadilisha hesabu.

Na wewe unayeombwa damu ao mkojo, jua haki yako. Tangu 1964 wanganga wa dunia wako na Tangazo la Helsinki, walilolirekebisha tena 2024. Linasema mtu aelezwe kwa lugha anayofahamu, akubali kwa hiari yake, na aweze kutoka siku yoyote pasipo kunyimwa matunzo. Basi uliza bila haya: Mnatafuta nini? Nani analipa? Matokeo nitayapata namna gani? Ukikataa, si dhambi. Ukikubali, umesaidia watoto wa wengine.

Unachoweza kufanya leo

Baba, vua nguo za kazi mbele ya kumbeba mtoto, na oga. Nguo hizo zifuliwe peke yake, si pamoja na za mtoto. Mama, osha vizuri sombe na lengalenga, na pangusa nyumba kwa kitambaa chenye maji. Fagio kavu linarusha mavumbi.

Bibi na bwana mnaotaka kuzaa, ulizeni kituo cha afya juu ya vidonge vya asidi foliki. Vinapunguza kilema cha mgongo wazi, lakini vinapaswa kuanza mbele ya mimba, sababu mgongo wa mtoto unafungika katika mwezi wa kwanza, wakati mama pengine hajajua.

Na mtoto aliyekwisha kuzaliwa, msimfiche nyumbani. Mdomo uliopasuka unashonwa. Miguu iliyopinda inanyooshwa kwa plasta, na ni vizuri kuanza mapema.

Wanafunzi wa Yesu pia, walipomwona kipofu wa tangu kuzaliwa, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye ao wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili. Siku utakapofunua kile kitambaa, usiulize kosa ni la nani. Mshike mama mkono, na umsindikize kwa munganga.