Silabi Saba na Maana Moja

Mtoto aingiapo Darasa la Kwanza huwa amekwisha kuimudu lugha ya mazungumzo. Lililobaki ni kuyatambua maandishi. Kwa Kiswahili kazi hii ni nyepesi kiasi: irabu ni 5 tu, na kila moja hutamkwa vilevile popote iwapo. Aliyeshika ba, be, bi, bo, bu huweza kutamka hata neno asilopata kulisikia.

Wepesi huu ndio umhadaao mwalimu. Tutazame neno "hatutawasomea". Lina silabi 7, na ndani yake mna ukanushi, watendaji, wakati, watendewa na kitendo. Mtoto asomaye polepole huzitamka silabi zote sawasawa, lakini afikapo mwisho ile "ha" ya kwanza imekwisha kumtoka akilini, na maana imegeuka kinyume. Sikio la mwalimu halikusikia kosa lolote.

Upungufu huo huanza kufichuka katika Darasa la Tatu na la Nne, vitabu vinapoeleza mvua, udongo na magonjwa. Katika shule za sekondari za Tanzania masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, ambacho herufi zake hubadili sauti kila mara. Huko silabi pekee hazimwokoi mtu. Nasi vyuoni huwapokea baadhi yao wangali hivyo. Kipimo chenyewe hakina gharama: kitabu kifungwe, mtoto asimulie alichokisoma.