Mlinzi wa Nguvu za Mwili na Mimea Imwamshayo

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Kila mtu ajua kuwa gari haliendi bila petroli, wala jiko haliwaki bila kuni. Mwili nao hauendi bila chakula. Lakini ugali na maharagwe tulayo bwaloni haviingii katika msuli vivyo hivyo na kuuwezesha kuvuta kamba. Hapana budi kwanza vivunjwe-vunjwe, na nguvu iliyomo iwekwe katika kitu kidogo sana ambacho wataalamu hukiita ATP. Kitu hiki ni kama fedha ya mwili, maana kila kazi, iwe kukimbia, kufikiri au kulala usingizi, hulipiwa kwa ATP. Hutengenezwa hasa katika vinu vidogo vilivyomo ndani ya chembe hai, viitwavyo mitokondria. Msuli ufanyao kazi ngumu una akiba ya ATP ya sekunde chache tu, kwa hiyo vinu hivyo havina ruhusa ya kupumzika.

Katika makala haya nataka kueleza mambo mawili: nani aangaliaye fedha hiyo isiishe, na kwa nini mimea fulani yaweza kumwamsha mlinzi huyo.

Mlinzi mwenyewe ni kimeng'enya kiitwacho AMPK. Tumejifunza darasani kuwa kimeng'enya ni protini iharakishayo kazi za kikemia mwilini, kama kile kilichomo katika mate kigeuzacho wanga kuwa sukari. Sasa tazama kazi ya huyu. ATP ina vipande vitatu vya fosfati. Ikitumika hupoteza kimoja, ikabaki na viwili, nayo huitwa ADP. Chembe ikibanwa sana na kazi, huchukua ADP mbili. Moja humpa mwenziwe kipande chake, mwenziwe akawa ATP tena, na yule aliyetoa hubaki na kipande kimoja tu. Huyo ndiye AMP. Basi AMP ikiwa nyingi, ni dalili kuwa chembe imefilisika. AMPK ina mahali pa kuishikia AMP hiyo, na ikiisha kuishika huamka na kuanza kutoa amri.

Mimi humfananisha na mtunza stoo wa shule. Magunia yakiwa tele, yeye hukaa kimya. Magunia matupu yakianza kurundikana mlangoni, hufanya mambo mawili mara moja: huzuia matumizi yasiyo ya lazima, na huagiza chakula kije. AMPK nayo huzuia chembe zisitengeneze mafuta na kolesteroli, kwa kuwa kazi hizo hula ATP nyingi. Kisha huamuru msuli ufungue milango ili sukari iliyomo katika damu iingie ndani, na huamuru mafuta ya akiba yachomwe. Akimbiaye mchakamchaka alfajiri humwamsha mlinzi huyu bila dawa yo yote.

Sasa tuje kwenye mimea. Kusini mwa Ulaya na magharibi mwa Asia humea mmea uitwao galega, wa jamii moja na kunde zetu, wenye maua ya zambarau au meupe. Tangu zamani waganga wa Ulaya waliwapa majani yake watu wenye kiu isiyokwisha na wenye kukojoa mara kwa mara. Leo twazijua dalili hizo kuwa ni za kisukari. Lakini wafugaji nao walikuwa na habari yao: kondoo wakila galega nyingi hufa.

Mwaka 1918 ilionekana kuwa kemikali iitwayo guanidini hupunguza sukari katika damu ya wanyama. Galega ina kemikali ya ukoo huo, nayo ni galegini. Madaktari wakaijaribu kwa wagonjwa katika miaka ya 1920, lakini wakaiona ni kali mno. Mwaka 1922, huko Dublin, Emil Werner na James Bell walitengeneza katika maabara kemikali nyingine ya ukoo huo iliyo pole zaidi, ijulikanayo leo kwa jina la metfomini. Ilikaa miaka mingi bila kupewa wagonjwa wa kisukari, mpaka mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne alipotangaza jinsi alivyowatibu nayo. Siku hizi ni moja ya dawa za kisukari zitumiwazo sana duniani, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Je, dawa hii hufanyaje kazi? Mwaka 2000 ilionekana kuwa metfomini huvipunguzia mwendo vile vinu vya mitokondria. Mwaka 2001 ikaonekana kuwa humwamsha AMPK. Mambo haya mawili yanashikamana. Kinu kikipunguzwa mwendo, ATP hupungua, AMP huongezeka, na mlinzi huamka.

Metfomini haiko peke yake. Beberini, itokayo katika mizizi ya manjano ya mmea wa Kichina uitwao Coptis, na resveratroli iliyomo katika maganda ya zabibu nyekundu, nazo humwamsha AMPK. Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, akiwamo Grahame Hardie, walitumia chembe ambazo mlinzi wake alibadilishwa asiweze kuihisi AMP. Dawa hizi zote tatu zilipotiwa humo, mlinzi hakuamka. Ikajulikana basi kuwa hazimgusi yeye mwenyewe, bali hukibana kinu, naye huamshwa na upungufu uliotokea.

Yote hayafuati njia hiyo. Salisilati, iliyojulikana tangu zamani katika magome ya mti wa wilo, na ambayo mwili huipata pia kutoka katika aspirini, humshika AMPK mwenyewe. Hilo lilionyeshwa mwaka 2012. Tena tusidhani kuwa mlinzi huyu ndiye afanyaye kila kitu. Mwaka huo huo wa 2010 ilionekana kuwa panya wasio na AMPK katika ini bado hupunguziwa sukari na metfomini.

Hapa ndipo penye jambo kubwa. Mmea hauna miguu ya kumkimbia mbuzi wala mikono ya kumfukuza mdudu; silaha yake ni kemikali. Kitu kikibanacho kinu cha nguvu ni silaha nzuri sana. Kwa hiyo dawa na sumu katika jani la galega ni kitu kimoja, na kinachovitenganisha ni kipimo. Metfomini ilikuwa na ndugu yake mwenye nguvu zaidi, fenfomini. Katika miaka ya 1970 iliondolewa katika nchi nyingi, kwa kuwa iliwafanya baadhi ya wagonjwa wajae asidi katika damu, na wengine wakafa.

Likizo iliyopita babu yangu, mwenye kisukari, aliniuliza, "Mjukuu wangu, ikiwa vidonge hivi asili yake ni jani, kwa nini nisichemshe majani nikaacha kupoteza fedha?" Ni swali la haki, na wazee wengi wanaliuliza. Nilimjibu hivi: "Babu, kidonge chako kimeandikwa miligramu 500, na cha kesho kina 500 vile vile. Jani la bondeni na jani la mlimani havina kipimo kimoja, wala la masika na la kiangazi. Daktari naye hutazama kwanza kama figo zako zaweza kuitoa dawa. Sufuria haitazami." Babu alicheka, akaniambia nimletee maji anywe kidonge chake.

Sisemi kuwa miti yetu haina kitu. Historia ya galega yaonyesha kinyume, kwa maana waganga wa zamani waliona kweli kabla ya maabara. Lakini kutoka jani hadi kidonge ilikuwa kazi ya miaka mingi ya kupima, kukosea na kupima tena. Basi, wazazi wetu, mwenye kisukari asiache vidonge kwa sababu ya chupa ya sokoni, na anywaye dawa ya miti amwambie daktari wake bila kuona haya. Nanyi wenzangu mpendao kemia na biolojia, miti iliyotuzunguka yangoja watu wa kuipima. Kazi hiyo yaweza kuanzwa na mmoja wetu.