Ushuru wa VAT ukiongezwa: nani huamua, nani hulipa na mkazi husikika wapi

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Juni, Wakenya hujadili Mswada wa Fedha. Huo ndio mswada ambao Serikali ya Kitaifa hutumia kubadilisha ushuru kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai 1. Mapendekezo yanayozua joto zaidi mara nyingi ni yale yanayogusa Ushuru wa Ziada ya Thamani, maarufu kama VAT. Sababu ni kwamba VAT humfikia kila anayenunua kitu: mwenye mshahara na asiye nao, mfanyabiashara na mteja wake, hata mtoto aliyetumwa dukani.

Mjadala huo unapofika mashinani, mambo mawili huchanganywa. La kwanza ni dhana kwamba VAT hutozwa na serikali ya kaunti, na kwamba malalamiko yakipelekwa kwa mwakilishi wadi au kwa gavana ushuru huo utashushwa. La pili ni dhana kwamba VAT haijaongezwa mradi tu kiwango cha asilimia 16 hakijaguswa. Makala haya yanafafanua yote mawili, na yanaeleza njia ambayo mkazi anaweza kutumia ili sauti yake ifike mahali uamuzi unapofanywa.

Jinsi VAT inavyomfikia mnunuzi

VAT ilianza kutozwa nchini mwaka wa 1990, ikachukua nafasi ya ushuru wa mauzo. Sheria inayotumika sasa ni Sheria ya VAT ya 2013, na kiwango cha kawaida ni asilimia 16. Bidhaa ya Sh500 inayotozwa kiwango hicho huuzwa kwa Sh580, na Sh80 ni za serikali. Kama kiwango kingepandishwa hadi asilimia 18, bidhaa hiyo hiyo ingeuzwa kwa Sh590.

Biashara inayouza bidhaa au huduma zinazotozwa VAT za thamani ya Sh5 milioni au zaidi kwa mwaka hutakiwa kujisajili kwa ushuru huo na Mamlaka ya Ushuru nchini (KRA). Biashara iliyosajiliwa hukusanya VAT kutoka kwa wateja, hutoa ile iliyolipa yenyewe iliponunua bidhaa zake, kisha hupeleka tofauti kwa KRA. Kwa hivyo mfanyabiashara ni mkusanyaji tu. Mlipaji ni mnunuzi wa mwisho, yule anayetumia bidhaa nyumbani kwake.

Mwenye kibanda ambaye hajafikia kiwango cha kusajiliwa haongezi VAT kwenye bei yake. Hata hivyo, sabuni aliyonunua kwa muuzaji wa jumla ilikuwa tayari imetozwa. Kwa kuwa hajasajiliwa, hawezi kudai pesa hizo, hivyo huziweka ndani ya bei. Mteja asiyeona neno VAT kwenye risiti, au asiyepewa risiti kabisa, bado ameulipa ushuru huo.

Makundi matatu ya bidhaa

Sheria ya VAT hugawa bidhaa na huduma katika makundi matatu. Anayeelewa makundi haya anaweza kufuata karibu kila mjadala wa VAT unaozuka nchini.

Kundi la kwanza ni la bidhaa zinazotozwa kiwango cha kawaida cha asilimia 16. Bidhaa nyingi za viwandani zimo humu.

Kundi la pili ni la bidhaa zinazotozwa asilimia sufuri. Mnunuzi halipi VAT, na mtengenezaji anaruhusiwa kudai kutoka KRA ushuru aliolipa aliponunua mahitaji ya kazi yake. Bidhaa zinazouzwa nje ya nchi zimo katika kundi hili.

Kundi la tatu ni la bidhaa zilizosamehewa. Hapa pia mnunuzi haongezewi VAT, lakini muuzaji hana ruhusa ya kudai ushuru aliolipa kwenye mahitaji yake. Mazao ya shambani ambayo hayajasindikwa, masomo na huduma za matibabu ni miongoni mwa yaliyosamehewa.

Kwa mbali, kundi la pili na la tatu huonekana sawa. Tofauti yake hujitokeza kwenye hesabu. Tuseme mwokaji anauza mkate kwa Sh60, na katika kila mkate amelipa VAT ya Sh3 kwenye umeme, mifuko ya kupakia na vipuri vya mashine. Mkate ukiwa katika kundi la asilimia sufuri, mwokaji hurudishiwa Sh3 zake na bei hubaki Sh60. Ukihamishiwa kundi la msamaha, Sh3 hizo hazirudi, na akiamua kuzipitisha kwa mteja, bei hufika Sh63. Ukihamishiwa kundi la kawaida, asilimia 16 ya Sh60 ni Sh9.60, na bei hufika Sh69.60.

Katika mfano huo wote, kiwango cha VAT nchini hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mahali mkate ulipoandikwa katika sheria. Familia inayonunua mkate mmoja kila siku ingelipa zaidi ya Sh280 za ziada kwa mwezi.

Mafuta, gesi na mkate

Historia ya karibuni inaonyesha kwamba mivutano mikubwa ya VAT nchini imekuwa kuhusu bidhaa kutoka kundi moja kwenda jingine, kuliko kuhusu kiwango chenyewe.

Sheria ya 2013 ilikusudia bidhaa za petroli zitozwe VAT, lakini zikapewa muda wa msamaha wa miaka mitatu. Mwaka wa 2016 muda huo uliongezwa kwa miaka miwili. Ulipokwisha, asilimia 16 ilianza kutozwa Septemba 1, 2018, na bei za mafuta na nauli zikapanda. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alikataa kutia saini Mswada wa Fedha aliopelekewa na akapendekeza asilimia 8, ambayo Bunge liliipitisha mwezi huo huo. Kiwango hicho cha mafuta kilidumu hadi Julai 2023, pale Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilipokirudisha asilimia 16. Sheria hiyo hiyo iliiondolea VAT gesi ya kupikia.

Mwaka wa 2024 ilikuwa zamu ya mkate. Mswada wa Fedha ulipendekeza mkate wa kawaida utolewe kundi la asilimia sufuri na kutozwa asilimia 16. Baada ya upinzani mkubwa wa wananchi, pendekezo hilo liliondolewa Juni 18. Maandamano hayakukoma, kwa kuwa Mswada ulikuwa na mapendekezo mengine mengi. Bunge la Kitaifa liliupitisha Juni 25, siku ambayo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge na watu wakapoteza maisha. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hangeutia saini.

Kiwango chenyewe pia kimewahi kubadilishwa. Wakati wa janga la Covid-19 kilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia Aprili 2020, kisha kikarudishwa asilimia 16 Januari 1, 2021. Sheria humruhusu Waziri wa Fedha kukipandisha au kukishusha kwa kutangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali, mradi badiliko lisizidi robo ya kiwango kilichowekwa na sheria. Robo ya 16 ni 4, kwa hivyo mipaka yake ni asilimia 12 na asilimia 20. Tangazo la aina hiyo ni lazima lifikishwe mbele ya Bunge la Kitaifa.

Hoja za pande mbili

Wanaounga mkono kuongezwa kwa VAT husema kwamba ni ushuru ulio rahisi kukusanya, hasa katika nchi ambayo watu wengi hujiajiri na hawana hati ya mshahara inayoweza kukatwa. Husema pia kwamba msamaha wa bidhaa humfaidi zaidi mwenye uwezo, kwa sababu yeye ndiye anayenunua kwa wingi. Kwa maoni yao, ni afadhali serikali ikusanye pesa hizo kisha iwasaidie wasiojiweza moja kwa moja. Hoja yao nyingine ni deni: serikali isiyopata mapato ya kutosha hulazimika kukopa, na mkopo hulipwa kwa ushuru wa kesho.

Wanaopinga husema kwamba VAT haimtazami mtu usoni. Tajiri na kibarua hulipa kiasi sawa kwenye kifurushi kimoja cha sukari, lakini kwa kibarua kiasi hicho ni sehemu kubwa zaidi ya mapato ya siku. Wanaeleza kuwa kuna bidhaa ambazo mtu hawezi kuzikwepa, kama chakula na mafuta ya kusafirisha chakula hicho, na kwamba bei ya mafuta ikipanda, hata sukuma wiki isiyotozwa VAT hupanda bei kwa sababu ya gharama ya lori. Wengine huongeza kwamba kabla ya kuomba zaidi, serikali inapaswa kuziba mianya ambayo pesa zilizokwisha kukusanywa hupotelea.

Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 201, inataka mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Ubishi uliopo ni kuhusu haki hiyo inapimwa vipi.

Kaunti inahusika vipi

Kifungu cha 209 cha Katiba kinaipa Serikali ya Kitaifa pekee mamlaka ya kutoza ushuru wa mapato, VAT, ushuru wa forodha na ule wa bidhaa maalumu. Kaunti zinaruhusiwa kutoza ushuru wa ardhi na majengo, ushuru wa burudani, na ada za huduma zinazotoa, kama vile za soko, maegesho na leseni za biashara. Hizo ndizo zinazoandikwa katika Mswada wa Fedha wa kaunti, ambao hujadiliwa na Bunge la Kaunti. Miswada hii miwili ina majina yanayofanana, lakini kila mmoja una meza yake.

Hata hivyo, kaunti si mtazamaji tu. Kifungu cha 203 kinataka kaunti zote 47 kwa pamoja zigawiwe angalau asilimia 15 ya mapato ya kitaifa, kwa kuzingatia hesabu za karibuni zaidi zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. VAT ni sehemu ya chungu hicho. Mfano wa karibu ni mwaka wa fedha wa 2024/25. Kaunti zilikuwa zimetengewa Sh400.1 bilioni. Mswada wa Fedha ulipoanguka na matarajio ya mapato kupungua, mgao huo ulirekebishwa hadi Sh387.4 bilioni baada ya mvutano kati ya Bunge la Kitaifa na Seneti.

Kwa mkazi, maana yake ni kwamba VAT humgusa mara mbili. Humpunguzia pesa mfukoni anaponunua unga na sabuni, na pia huchangia kulipia dawa za zahanati, barabara za mashinani na mishahara ya walimu wa chekechea. Anayetoa maoni kuhusu VAT ana haki ya kuitazama kutoka pande zote mbili.

Mahali pa kupeleka maoni

Mswada wa Fedha wa kitaifa hupelekwa katika Bunge la Kitaifa kufikia mwisho wa Aprili, na hutarajiwa kuamuliwa kabla ya Juni kwisha. Katikati ya muda huo, Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa hualika maoni ya umma kupitia matangazo kwenye magazeti na tovuti ya Bunge. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi. Maoni ya maandishi hutumwa kwa Karani wa Bunge la Kitaifa kabla ya siku ya mwisho iliyotajwa kwenye tangazo. Yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili, kwa kuwa Kifungu cha 120 kinakitambua kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge.

Barua yenye uzito si lazima iwe ndefu. Inafaa itaje nambari ya kifungu cha Mswada, bidhaa inayohusika, na kundi ambalo bidhaa hiyo inatolewa na linakopelekwa. Kisha ieleze kwa hesabu jinsi badiliko hilo litakavyomgusa mwandishi. Mama mboga anayeonyesha gharama yake ya usafiri kwa wiki, au mwokaji anayeonyesha bei ya mkate wake kabla na baada, humpa mbunge jambo la kushika anaposimama kuzungumza. Mwisho, barua ipendekeze kifungu kifutwe, kibadilishwe au kibaki kilivyo.

Wanaoupigia kura Mswada huo ni wabunge wa maeneobunge, wawakilishi wa wanawake wa kaunti na wabunge walioteuliwa. Maseneta, magavana na wawakilishi wadi hawaupigii kura. Kikundi cha wafanyabiashara au chama cha ushirika kinachotaka kusikizwa kinapaswa kuanza na mbunge wake mapema Mei, kabla kamati haijaandika ripoti yake.

Mswada ujao ukichapishwa, kutafuta kama asilimia 16 imebadilika hakutatosha. Mkazi atafute pia sehemu inayofanyia marekebisho majedwali ya Sheria ya VAT, kwa kuwa humo ndimo huandikwa bidhaa zinazohamishwa kutoka kundi moja hadi jingine.