Urukususu futarini: wenye presha tujihadhari

Katika Shaaban ya mwaka jana, mzee mmoja wa msikiti wetu alianza kushindwa kuvaa viatu. Miguu ilikuwa imevimba, na presha, ambayo vidonge vilikuwa vimeituliza kwa miaka, ilikuwa imepanda. Daktari alipomuuliza anakunywa nini, alitaja chai, maji, na kikombe cha urukususu asubuhi na jioni kwa ajili ya kikohozi. Aliambiwa auache, na baada ya majuma machache uvimbe ukaisha. Tangu hapo wanakamati tunaulizwa: kwani mzizi huu si dawa?

Ni dawa ya kweli, na kwa sababu hiyo una kipimo, na wapo wasiofaa kuutumia.

Mmea wake, wa jamii ya kunde, huota kuanzia nchi za Mediterania hadi Asia ya Kati. Kwetu huletwa mkavu, vijiti vya kahawia ambavyo ndani ni vya manjano, na jina limekuja pamoja na bidhaa: Waarabu huuita irq as-sus. Theophrastus wa Ugiriki aliusifu kwa pumu na kikohozi kikavu zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Ibn Sina aliuandika katika al-Qanun, na Ibn al-Baytar, aliyefariki Damascus mwaka 1248, akauingiza katika kitabu chake cha dawa. Huko Cairo, unga wake huloweshwa kwa maji kidogo na chembe ya magadi, hufungwa katika kitambaa, kisha humwagiwa maji baridi yakachuja taratibu. Muuzaji hupita mitaani na chombo kikubwa kifuani, akigonga visahani vya shaba, na Ramadhani ndiyo msimu wake.

Baadhi ya maduka huuweka kwenye rafu ya dawa za Sunna. Habat soda na asali zina hadithi zake sahihi. Urukususu umetufikia kwa mikono ya matabibu na wafanyabiashara. Hilo haliupunguzii heshima, lakini mgonjwa anayeuliza madhara yake asinyamazishwe kwa jina la Sunna.

Utamu wake hutokana na glisirizini, ambayo ni tamu kuliko sukari mara 30 hadi 50. Mwilini, dutu hii hukizuia kimeng'enya ambacho katika figo huidhoofisha homoni ya kotisoli. Kotisoli ikiachwa na nguvu zake, figo hushika chumvi na maji na kuitoa potasiamu. Presha hupanda, miguu huvimba, misuli hulegea, na potasiamu ikipungua sana mapigo ya moyo huvurugika. Mwaka 1946 daktari Mholanzi, Revers, alieleza kuwa wagonjwa wake wa vidonda vya tumbo walipata nafuu kwa urukususu, lakini takriban mmoja katika kila watano alivimba. Mwaka 2020 madaktari wa Massachusetts, Marekani, walieleza kifo cha mtu wa miaka 54 aliyekula peremende za urukususu, mfuko mmoja na nusu kila siku, kwa wiki kadhaa.

Wataalamu wa Ulaya wameshauri mtu asizidishe miligramu 100 za glisirizini kwa siku. Kikombe cha nyumbani, bila shaka, hakina alama hiyo. Kwa mwenye afya, kikombe kimoja mara mojamoja hatukioni kuwa tatizo. Kuufanya mazoea ya kila siku ndiko tunakokuhofia. Mwenye presha, maradhi ya moyo au figo, na anayetumia vidonge vya kuongeza mkojo au dijoksini, auache. Akina mama wajawazito pia: uchunguzi wa Finland uliona kuwa watoto ambao mama zao waliula kwa wingi walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya akili.

Katika futari ya msikiti mwaka huu, inshaallah, birika la urukususu litawekwa peke yake, likiwa na jina lake. La ukwaju litakuwa upande wa pili, na mzee wetu tumeshamwekea nafasi huko.